Tezi Nne za Shingoni

Mtu aangukaye ghafula na kukakamaa, watu husema ana kifafa. Anenaye ovyo na kuona visivyokuwapo, husema amepagawa. Lakini uko ugonjwa mmoja uwezao kufanana na yote mawili, na asili yake ni shingoni.

Nyuma ya tezi kubwa ya koo zimo tezi nne ndogo, kila moja kadiri ya punje ya mchele. Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, alieleza habari zake mwaka 1880. Tezi hizi hutoa homoni, yaani tarishi apitaye katika damu, ahifadhiye kipimo cha kalisiamu, ile chokaa iliyomo mifupani na katika maziwa. Kalisiamu ikipungua katika damu, mishipa ya fahamu hushtuka bila kuamriwa. Kwanza midomo na vidole huwa na ganzi na kuchomachoma. Kisha kiganja hujikunja, vidole vikanyoka pamoja na gumba likaingia ndani, mfano wa mkono wa mkunga. Wengine hupatwa na degedege. Wengine huwa na huzuni, woga na usahaulifu, hata kurukwa na akili.

Kwa watu wazima, mara nyingi sababu ni kupasuliwa rovu: tezi hizo ndogo huweza kuumia au kuondolewa pamoja nalo. Wengine huzaliwa na upungufu huo.

Hapa Kikuyu, Dodoma, mtu aweza kuuliza: maziwa tunayo na jua halikosi, kalisiamu itapunguaje? Swali ni la haki. Lakini tarishi asipokuwapo, figo huacha kalisiamu ipotee katika mkojo, wala haziiamshi ipasavyo vitamini D tuipatayo juani. Kwa hiyo daktari hutoa kalisiamu pamoja na vitamini D iliyokwisha kuamshwa, na kupima damu mara kwa mara, maana ikizidi hudhuru figo. Dawa za kifafa peke yake haziondoi asili ya ugonjwa huu. Tena fenobabitoni huweza kupunguza vitamini D. Hata hivyo mgonjwa asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Mtu akishikwa na degedege, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani. Akikoroma kwa kubanwa koo, mwahisheni hospitali. Na jamaa wampelekao mgonjwa Mirembe au hospitali nyingine, wamwonyeshe daktari kovu la shingoni, hata likiwa la miaka mingi, wakaombe damu ipimwe kalisiamu.