UZI: Gavana anahesabu madarasa ya chekechea. Mwalimu je?

Midahalo ya ugavana ninayotazama, swali la chekechea hujibiwa kwa idadi ya majengo. "Tumejenga madarasa kadhaa." Makofi. Swali lingine. Leo tukae hapo kidogo, manake nasomea siasa na hilo jibu linanikera.

Kwanza, nani anahusika? Mtoto wa PP1 akikosa mwalimu, wengi hapa huilaumu TSC. Hapana. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeiweka elimu ya chekechea chini ya kaunti. Mwalimu wa Gredi 1 anaajiriwa na TSC, wa PP2 anaajiriwa na kaunti, hata kama wanafundisha kwenye ua mmoja na kusikia kengele moja. Mtoto wa Gredi 1 ana mgao wa shilingi 1,420 kwa mwaka kutoka serikali kuu (kama zinafika zote, huo ni uzi mwingine). Mdogo wake wa PP2 hayumo. Elimu ya msingi ilipofanywa bure 2003, chekechea iliachwa nje.

Sasa, shangazi yangu anafundisha chekechea. Kaunti siitaji. Ana watoto 63, PP1 na PP2 wamechanganywa chumba kimoja, msaidizi hana. Mkataba wake wa mwaka mmoja uliisha Desemba, akaendelea kufundisha hadi Machi bila senti kwa sababu eti "unashughulikiwa". Chumba chenyewe ni kipya, bana. Jina la mkubwa limeandikwa ukutani kwa herufi unazozisoma ukiwa kwa matatu.

Kwa nini pesa za ukuta zipo na za mwalimu hazipo? Si roho mbaya peke yake. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ukuta unahesabiwa maendeleo. Mwalimu anahesabiwa mshahara, kapu moja na madereva na wasaidizi wa ofisi. Gavana ambaye tayari amejaza ofisi watu wake akiambiwa aajiri walimu, atakwambia sheria imembana. Na ni kweli imembana, lakini waliojaza hilo kapu kabla ya shangazi yangu ni akina nani?

Kuna jamaa lazima atauliza: kwani watoto wa miaka minne wanasoma nini? Si wanacheza tu? Ndiyo, wanacheza, na hapo ndipo kazi ilipo. Miaka ya 1960, mji wa Ypsilanti, Michigan, watoto 123 kutoka familia maskini waligawanywa mara mbili: wengine wakapelekwa chekechea ya Perry, wengine wakaachwa. Wakafuatiliwa hadi utu uzima. Kufikia miaka 40, waliosoma pale walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, wanapata mapato makubwa zaidi na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. James Heckman, mshindi wa Nobel ya uchumi ya 2000, alipiga hesabu na kupata faida ya asilimia 7 hadi 10 kila mwaka kwa kila dola iliyotumika.

Wanasiasa wetu wanaipenda hiyo namba. Wasichosema ni kwamba Perry ilikuwa na mwalimu mmoja kwa watoto sita hivi, na kila wiki mwalimu alitembelea nyumbani kwa mtoto. Huwezi kuchukua faida ya Perry ukaibandika kwenye chumba cha watoto 63. Hiyo faida ilitoka kwa mwalimu, haikutoka kwa mabati.

Na uji pia, tusisahau. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 18 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Imeshuka kutoka 26 mwaka 2014, hongera kwa waliofanya kazi, lakini bado ni karibu mmoja kwa kila watano. Shangazi anasema siku ya uji darasa hujaa, siku isiyo na uji anahesabu viti vitupu.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kuwa yamefika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na una haki ya kutoa maoni. MCA wako akiitisha kikao, usiulize madarasa mangapi. Uliza walimu wangapi wako kwa ajira ya kudumu, na mwalimu mmoja ana watoto wangapi. Mkijibiwa, leteni majibu hapa chini. Nataka kuona kaunti ngapi zinajua.