Msanifu wa mifumo ya taasisi

Msanifu wa mifumo ya taasisi ni mtaalamu wa TEHAMA anayepanga jinsi kazi, taarifa, programu na mitambo ya kompyuta ya taasisi nzima vinavyoungana. Taaluma hii ilianza kujulikana zaidi mwaka 1987, John Zachman wa kampuni ya IBM nchini Marekani alipochapisha makala kuhusu usanifu huo.

Nchini Tanzania, Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012. Kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka, yenye jukumu la kusimamia viwango ili mifumo ya taasisi za umma isomane.

Usimamizi

Kwa kawaida msanifu hana amri juu ya idara nyingine. Kwa hiyo kiongozi wake anapaswa kumshirikisha katika vikao kabla mfumo haujanunuliwa, kumtetea anapopinga mfumo unaorudia kazi ya mwingine, na kumpima kwa maamuzi yaliyoboreshwa, si kwa wingi wa michoro.

Tena ampe nafasi ya kuwatembelea watumiaji. Katika Kata ya Salale, Wilaya ya Kibiti, baadhi ya vijiji vimo ndani ya delta ya mto Rufiji na hufikiwa kwa boti. Mahali kama hapo, mfumo unaodai intaneti muda wote humkwamisha mhudumu wa zahanati: mtandao ukikatika huandika daftarini, kisha huingiza upya taarifa zilezile. Msanifu aliyeiona hali hiyo atataka programu ihifadhi taarifa kwenye kifaa na kuzituma mtandao unaporudi.