Kurekodi Simu na Kuandika kwa Imla: Mpangilio Unaomfaa Asiyeona



Kazi nyingi za ofisi za parokia zetu siku hizi hupitia kwenye simu. Mzazi anapiga kutaja jina la mtoto atakayebatizwa. Msimamizi anasoma namba ya cheti chake. Katekista wa kigango cha mbali anataja majina ya watakaopokea Kipaimara. Anayeona huchukua kalamu akaandika. Asiyeona, mwenye uoni hafifu, au yule ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, mara nyingi huambiwa amwachie mwingine kazi hiyo. Si lazima iwe hivyo. Vifaa vinavyohitajika ni vichache, na baadhi tunavyo tayari. Kazi iliyobaki ni kuvipanga vizuri.

Tutaeleza hatua mbili: kwanza kurekodi mazungumzo, kisha kuyaandika kwa programu ya imla, yaani programu inayomsikiliza mtu akisema na kuchapa maneno yake.

Kurekodi

Wengi hudhani watapakua programu yoyote ya kurekodi simu, kazi ikaisha. Lakini tangu Mei 2022 Google imekataza programu za duka lake la Play kurekodi simu kwa kupitia nyenzo za ufikivu, zile zile zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Baadhi ya simu za Android zina uwezo wa kurekodi uliotoka kiwandani, ila si katika kila nchi. iPhone zilianza kuwa nao Oktoba 2024 kwa toleo la iOS 18.1, nazo huwatangazia wote wawili kuwa mazungumzo yanarekodiwa. Simu yako ikiwa na uwezo huo, utumie. Isipokuwa nao, tafuta kinasa sauti kidogo cha mkononi chenye vitufe vinavyotambulika kwa kupapasa.

Kinasa hicho hutumika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuiweka simu kwenye spika, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitetemeke, na kinasa karibu yake. Ni rahisi, lakini kila aliyemo ofisini atasikia. Ya pili ni kutumia maikrofoni ndogo inayovaliwa sikioni, ambayo waya wake huchomekwa kwenye kinasa. Unaweka simu kwenye sikio hilo hilo kama kawaida, na maikrofoni inanasa sauti yako na ya mwenzako. Namna hii inalinda siri zaidi, kwa hiyo tunaipendekeza kwa ofisi ya parokia.

Kuandika

Usiichukue rekodi ya simu na kuichezea programu ya imla moja kwa moja. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3400 tu. Sehemu kubwa ya mlio wa s na wa f iko juu ya hapo, ndiyo maana kwenye simu “sisi” na “fisi” hukaribiana. Binadamu huelewa kutokana na maana ya sentensi, lakini mashine hukosea kwa urahisi.

Njia bora ni kuyarudia maneno kwa kinywa chako. Sikiliza rekodi kwa sikio moja, simamisha baada ya kila kifungu, kisha ukitamke polepole kwenye programu ya imla. Huko Uingereza, wanaoandaa maandishi ya televisheni kwa ajili ya viziwi wametumia njia hii katika matangazo ya moja kwa moja.

Kwa Kiswahili tuna pa kuanzia, kwani tangu Agosti 2017 Google inapokea imla ya Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Zingatia mambo manne:

1. Kisoma skrini, kama TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone, kisikike sikioni tu. Kikisema kwa spika ya wazi, programu ya imla itachapa maneno yake pia.

2. Sikio moja liwe la kinasa, jingine la kisoma skrini. Ukizoea, hutachanganya sauti hizo mbili.

3. Maikrofoni ikae upana wa vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, si mbele yake, ili pumzi isiipige. Ya waya ni salama zaidi. Hedifoni nyingi za Bluetooth hushusha ubora wa sauti mara maikrofoni yake inapowashwa.

4. Majina yahakikiwe herufi kwa herufi kwa kisoma skrini. Cecilia na Sesilia hutamkwa sawa, lakini kitabuni ni maandishi mawili tofauti. Jina hilo ndilo litakalotafutwa siku mtoto huyo atakapohitaji cheti cha ubatizo ili afunge ndoa.

Ruhusa na siri

Kabla ya yote, omba ruhusa, na ombi lako lisikike mwanzoni mwa rekodi: “Mama, mimi sioni. Naomba nirekodi maelezo haya ili niyaandike sawasawa. Unaniruhusu?” Akikataa, usirekodi. Mwombe ataje taratibu, nawe uyarudie papo hapo kwenye imla ya kompyuta au ya simu ya pili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Majina na tarehe tunazopokea ni taarifa za watu, si zetu. Ukishahakikisha kuwa yote yameingia kitabuni, futa rekodi.

Tukumbuke pia kwamba programu nyingi za imla huituma sauti kwa kampuni kupitia intaneti. Jina la mtoto wa ubatizo ni jambo moja, ugomvi wa wanandoa au ugonjwa wa mtu ni jambo jingine. Hayo yasiingizwe humo. Mpigaji akianza kueleza ya moyoni, zima kinasa, na umwambie kuwa umekizima.

Kwa waseminari, hapa pana mpaka usiovukwa. Kitubio hakifanyiki kwa simu. Aidha, kanuni ya 1386 ya Sheria za Kanisa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2021, inaagiza adhabu kwa yeyote anayerekodi kwa chombo chochote yanayosemwa katika maungamo, yawe ya kweli au ya kuigiza. Kwa hiyo hata katika mazoezi ya darasani kinasa kibaki nje.

Tunawaomba mafrateri walio katika mafunzo ya kichungaji watenge saa moja na katekista au katibu wa jumuiya asiyeona. Mmoja apige simu akitaja majina kumi, mwingine arekodi kwa ruhusa, ayarudie kwa imla, kisha mlinganishe orodha. Hapo mtajua ni jina gani liliponyoka, na ni kifaa gani kisogezwe kabla ya simu ya kweli kuingia.