Noeli Inapita, Januari Inabaki

Mu miji yetu ya shaba, kuanzia Kolwezi na Likasi mpaka Lubumbashi na Kipushi, Desemba inafanana na mwezi wa utajiri. Makampuni mingi yanalipa mbele ya Noeli. Wafanyakazi wengine wanapata hata mushahara wa kumi na tatu. Wachimbaji wa mukono wanaharakisha kuuza mawe yao ili warudi nyumbani na kitu. Soko inajaa watu, na mu nyumba watoto wanaanza kuuliza: « Mama, Noeli tutavaa nini? »

Kufurahi si zambi. Lakini mbele ya kutoka na feza mukononi, tukae chini tufanye hesabu.

Mushahara wa siku 42

Tuseme kampuni inalipa tarehe 20 Desemba. Mushahara wenye kufuata utaonekana tarehe 31 Januari. Hesabu mwenyewe: ni siku 42. Ndiyo kusema, feza yenye tunazoea kula siku 30, sasa inapashwa kutosha siku 42, na katikati mna Noeli na Bonane. Watu wanasema Januari ni mwezi mubaya. Januari haina kosa. Ni mushahara wa siku 42 wenye tulikula kwa siku 10.

Tena Januari inakuja na mizigo yake. Watoto wanarudi ku masomo. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini sekondari ingali inaomba malipo. Mvua inaendelea kunyesha, mahindi mapya yangali shambani mpaka karibu na Aprili, na mu miezi hiyo bei ya bunga mara nyingi inapanda. Mufuko wenye hukununua Desemba, utaununua Februari kwa bei kubwa zaidi.

Desturi hii inatoka wapi?

Tusiwacheke wazazi wetu. Mu miaka ya 1990, kuchunga feza ya karatasi ilikuwa sawa na kuitupa. Oktoba 1993, zaire mupya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Kiisha hiyo mupya nayo ikayeyuka, mpaka franka ikaingia mu 1998. Wakati ule mutu wa akili alipolipwa asubui alikimbia ku soko mbele bei hazijapanda. Alinunua bunga, sukari, sabuni, kitenge. Hakuwa anatapanya: alikuwa anaokoa.

Leo tumebakiza mbio ile, lakini tumebadilisha vitu vyenye tunakimbilia. Zamani tulikimbilia mufuko wa bunga. Leo tunakimbilia viatu vya kungaa, sanduku za bia na redio ya kushinda ile ya jirani. Wazazi walitumia haraka ili wapate kula kesho. Sisi tunatumia haraka na kesho hatuna cha kula.

Mugodi hautoi ahadi

Kuna sababu ingine kwa sisi wenye kuishi na madini. Bei ya shaba na ya kobalti haipangwe mu miji yetu. Novemba 2019, mwezi moja tu mbele ya Noeli, mugodi wa Mutanda, karibu na Kolwezi, ulisimamisha kazi kwa sababu bei ya kobalti ilianguka. Kazi haikuanza tena mpaka nyuma ya karibu miaka miwili. Februari 2025, serikali ilikataza kuuza kobalti inje ya inchi. Oktoba ya mwaka ule ikaruhusu tena, lakini kwa kipimo. Jamaa yenye ilikuwa na akiba kidogo ilipata nafasi ya kupumua. Ile yenye ilikuwa na deni ilianza kuuza vitu vya nyumba.

Deni hilo mara nyingi linazaliwa mu Desemba. Watu wanaita mukopo ule « Banque Lambert »: unakopa dola 100 leo, nyuma ya mwezi moja unarudisha 150. Fikiri sasa: kuku wa Noeli, nguo za watoto na vinywaji vya wageni, vyote umevilipa bei na nusu. Na siku ya kurudisha ni ileile siku ya malipo ya shule.

Tufanye nini?

Kwanza, bwana na bibi wazungumze mapema, si tarehe 23. Wachukue karatasi na kuandika pamoja: feza yenye kuingia, feza yenye kutoka mpaka mwisho wa Januari. Mara nyingi baba peke yake njo anajua mushahara, na mama peke yake njo anajua bei ya soko. Wasipoweka mambo hayo mbili pamoja, hesabu haiwezi kuwa ya kweli.

Pili, Januari inunuliwe mbele ya Noeli. Siku ya kulipwa, nunueni kwanza bunga, mafuta na sabuni za mwezi wenye kuja. Wekeni malipo ya shule mu bahasha na kuifunga. Chenye kinabaki, hicho njo feza ya siku kuu.

Tatu, nguo ya Noeli iwe nguo yenye kazi. Shati nyeupe ya kuvaa ku kanisa na kisha ku masomo inapita nguo ya kuvaa siku moja. Viatu vikubwa kidogo vitafika mpaka mwaka mwingine.

Ine, likelemba. Mukiwa watu 12 wa kuaminiana, kila mutu akitoa dola 10 kila mwezi, kila mwezi mutu moja anapokea 120. Anayepewa zamu ya Novemba anaweza kupita Desemba bila kukopa. Basi anzeni kuipanga mu Januari, na zamu ziandikwe mu daftari mbele ya wote.

Ninyi vijana

Hamupashwe kumupa kila rafiki zawadi. Mu kundi la watu 10, andikeni majina, mupige kura, na kila moja atafute zawadi moja kwa mutu moja. Hakuna atakayesahauliwa, na hakuna atakayebaki na deni. Kijana mwenye muchumba naye asikope ili aonekane tajiri. Siku moja binti huyo atakuwa bibi yake, na deni litawangoja wote wawili mulangoni.

Na watoto wa jirani wenye kupita tarehe 1 Januari wakisema « Bonane! », muwawekee bonbo ao biskuti. Mutoto hahesabu bei. Anakumbuka kama mulango ulifunguliwa.

« Watu watasema nini? » Watasema siku mbili, kiisha wataenda kwao. Tarehe 15 Januari, wakati sufuria ya bukari inawekwa ku moto na mutoto anaenda ku masomo na malipo yake mukononi, hakuna hata moja atakayeuliza Noeli mulikunywa sanduku ngapi.