Kaburi Meru, Vitabu Naivasha

Hivi majuzi niliwapeleka wanafunzi wangu, wazawa wa Meru na Embu, kuzuru Elsamere, nyumba ya marehemu Joy Adamson kando ya Ziwa Naivasha. Tuliona vitabu na michoro yake, kisha kituo cha mafunzo ya mazingira. Nilifurahi, wivu nao haukunikosa. Elsa, simba jike aliyempa mwandishi huyo sifa mwaka 1960, alikufa 1961 akazikwa kando ya mto Ura, katika Mbuga ya Meru.

"Mwalimu," akauliza mmoja wao, "mbona kaburi liko kwetu na vitabu viko huku?"

Sikuwa na jibu. Lakini Makumbusho ya Meru, iliyokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za mkoloni, haiwezi kweli kututengea chumba kimoja cha kusomea?