Karani wa Mzani Anapotakiwa na Wavuvi

Safari hii tunataka kusema habari ya kuacha kazi. Hatusemi habari ya kufukuzwa, maana hiyo tumekwisha kuiandika mara nyingi katika ukurasa huu. Tunasema habari ya mtu mwenye kazi nzuri, mwenye mshahara kila mwezi na kiti chake kivulini, ambaye anaombwa aiache aende kwenye kazi ngumu zaidi.

Tulishuka Kabonga kumwona mtu wa namna hiyo. Kabonga iko kandokando ya ziwa, kusini ya Nyanza-Lac, karibu na mpaka. Ukipita mpaka unaingia Kagunga ya Tanzania. Mwenzetu huyu ni karani wa mzani. Anapima matunda ya michikichi yanayoletwa na wakulima, anaandika daftari, na jioni anarudi nyumbani kwa baiskeli yake. Ana miaka kumi na moja katika kazi hiyo. Wakulima wanamwamini kwa sababu mzani wake hausogezwi kwa kidole.

Wanaomtaka ni wavuvi wa mwalo. Wanataka awe katibu wao wa kazi nzima, asiwe wa jioni tu kama alivyo sasa. Maana kwa miaka mitatu amekuwa akiwasaidia baada ya saa za kazi, chini ya taa, kuwaandikia barua na kuwahesabia.

Kwa msomaji asiyejua kazi ya ziwani tuieleze kidogo. Watu hawa wanatoka jua likizama. Mitumbwi miwili inafungwa pamoja kwa miti, taa zinawashwa, wavu unashushwa chini, na ndagala wakikusanyika penye mwanga wavu unavutwa juu. Asubuhi samaki wanauzwa. Kwanza yanatolewa mafuta na gharama nyingine, kisha mwenye mitumbwi na nyavu anachukua fungu lake, na kinachobaki wanagawana waliokesha. Hapana mshahara. Usiku wa mbalamwezi ndagala hawafuati taa, basi kazi inasimama siku kadhaa na hapana fungu. Mwaka 2024 wenzao wa upande wa Tanzania walifungiwa ziwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Hatupingi samaki kuzaana. Lakini mtu anayelipwa kwa fungu, ziwa likifungwa miezi mitatu, fungu lake ni maji matupu.

Ugomvi mkubwa uko kwenye hesabu. Nani ameandika mafuta yaliyonunuliwa? Nani ameona bei ya asubuhi? Tena mtu akizama usiku, hapana karatasi inayoonyesha alikuwa kazini kwa nani, na mjane wake anarudishiwa nguo na pole. Sasa msomaji utaelewa kwa nini wavuvi wanamtaka mtu wa mzani na daftari.

Tulipofika nyumbani kwake tulikuwa tumejaa maneno. Tulikwenda na habari za wakubwa. Tulisema habari za Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Tanganyika, kwanza karani, baadaye katika idara ya maendeleo ya jamii. Kazi ya serikali wakati ule ilikuwa ndiyo kazi. Mtu aliyeipata hakuiacha. Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, lile TFL, yeye akawa katibu mkuu wake, na mwaka 1956 akaiacha serikali kabisa. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kuingia katika vyama vya siasa, kwa hiyo alikuwa anaacha mshahara na kuingia katika macho ya polisi siku ile ile. Miaka miwili baadaye, katika mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam, wananchi walisusia bia. (Wanaojua watu wanavyoipenda bia watatambua kwamba hiyo haikuwa kazi ndogo.)

Tukasema na habari za Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Alikuwa na cheti, alikuwa na ofisi, ingawa mkaguzi wa Kizungu kwa kazi ile ile alilipwa zaidi sana. Siku moja, yeye mwenyewe ameisimulia, mwanamke wa Kizungu aliingia ofisini na maziwa ya kupimwa, akamtazama Mboya aliyesimama pale, akauliza kama hapana mtu. Mboya aliacha kazi ya baraza mwaka 1953, hali ya hatari imekwisha kutangazwa Kenya na viongozi wa wafanyakazi wanakamatwa, akashika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la nchi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 23 tu.

Tulipomaliza tulidhani tumesema vizuri. Ndipo mke wa karani, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akasema, "Shemeji zangu, nimewasikia. Hao wakubwa walikuwa na nchi nzima nyuma yao. Huyu wangu ana nani nyuma yake? Watoto wanne wanakwenda shule. Mwezi wa mbalamwezi ninyi mtakuwa mmerudi kwenu."

Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu, na tunakiri hapa kwamba hatukuwa na haki ya kukasirika, ingawa mmoja wetu alikasirika kidogo.

Njiani tulifikiri upya. Kweli nyuma ya Kawawa hapakuwa na nchi nzima. Shirikisho lilikuwa changa. Lakini shemeji alikuwa ameshika jambo kwa mkono wake. Kawawa hakuamka asubuhi moja akaruka. Kabla ya kuacha kazi alikuwa amekwisha kuongoza chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, naye yumo kazini. Mboya naye aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa angali akifanya kazi ya ukaguzi. Kazi ya pili walikuwa wamekwisha kuianza kabla ya kuiacha ya kwanza, na walipotoka waliwakuta watu wanaowangoja. Hata hivyo tusiwafanye malaika. Kawawa alipata baadaye kiti kikubwa kuliko kile alichokiacha: akawa Waziri Mkuu mwaka 1962, na mwaka huo huo ikapita sheria iliyofanya mgomo kuwa mgumu. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikawekwa NUTA. Wafanyakazi wa Tanganyika walikuwa na la kusema juu ya hayo.

Na sisi wenyewe tunajua. Tulipoacha kazi ya stoo ili tuingie katika kazi ya chama, miaka karibu ishirini iliyopita, tulikuwa vijana na tulijiona mashujaa. Tulitupa funguo mezani tukatoka bila cheti cha kazi wala barua yoyote. Mwaka wa kwanza tulikula mihogo ya jirani. Mpaka leo miaka ile sita ya stoo hatuwezi kuithibitisha kwa karatasi. Kosa hilo lilikuwa letu. Kazi ya chama hatuijutii hata kidogo, lakini tulivyotoka tunajuta.

Wazee wa mwalo nao wanayo yao ya kusema. Wapo waliosikia habari za meli kubwa za uvuvi za Wagiriki, zilizofanya kazi katika ziwa hili tangu miaka ya 1950. Mabaharia wake walikuwa na mshahara. Samaki walipopungua, katika miaka ya 1990 uvuvi ule ukaanguka na mshahara ukaisha. Mzee mmoja alituambia kwamba kazi yenye raha nayo huweza kukuacha wewe, tena bila kuuliza mke wako. Tulicheka, lakini karani hakucheka.

Basi tuliitisha wavuvi jioni ya pili, pale pale mchangani, nyavu zikiwa zimeanikwa. Hatukuwauliza kama karani ana moyo, maana huo tumekwisha kuuona. Tuliwauliza wao: mtamlisha? Mwanzoni kila mtu alipaza sauti kusema ndiyo. Tukauliza tena: kila mtumbwi utatoa nini, siku gani, na fedha atashika nani? Hapo kelele zikapungua. Kijana mmoja akasema mwezi mbaya hapana kitu cha kutoa. Mwingine akamjibu kwamba mwezi mbaya ndio karani anahitajiwa zaidi. Walibishana mpaka saa ya kutoka ziwani ikafika, na wengine walikwenda na ubishi wao ndani ya mtumbwi.

Walilokubaliana ni hili. Katika miezi mizuri watatenga kitu kila juma na kukiweka, ili katika siku za mbalamwezi pawe na cha kumpa. Mweka fedha atakuwa mtu mwingine, wala si karani. Na karani asiandike barua ya kuacha kazi mpaka akiba ya miezi mitatu iwepo na imehesabiwa mbele ya watu. Sisi tuliongeza letu: barua aiandike kwa muda unaotakiwa, adai cheti cha kazi, na michango yake ya bima ya jamii iangaliwe mwaka kwa mwaka kabla hajarudisha funguo za mzani.

Tulimpelekea shemeji habari hizo wenyewe. Alisikiliza, akauliza akiba hiyo imefika ngapi sasa. Tukamwambia kweli: bado haijafika hata ya mwezi mmoja. Akasema basi na yeye bado hajafika.

Karani alitusindikiza mpaka barabarani akisukuma baiskeli. Alisema kama akiba itatimia atakwenda, na kama haitatimia ataendelea kuwahesabia usiku kama alivyofanya miaka hii mitatu. Asubuhi ile alikuwa na foleni ya wakulima wanaongoja mzani, akageuka akaenda kuwafungulia.

Tutarudi Kabonga baada ya mbalamwezi ijayo. Matawi ya Rumonge na Nyanza-Lac yanayotaka kuchangia akiba hiyo yatume kwa mweka fedha wa tawi, nayo yadai stakabadhi.