Robo Si Mgawo: Binomia na Familia za Selimundu

Mume na mke wakipimwa wakakutwa wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu, huambiwa kwamba kila mtoto watakayemzaa ana uwezekano wa robo wa kuugua. Wengi huelewa kuwa katika watoto wanne, mmoja atakuwa mgonjwa. Hesabu ya binomia, ambayo wengi wetu tuliikariri shuleni bila kuambiwa kazi yake, inaonyesha ukweli ulivyo.

Tumia z kwa mtoto asiyeugua na m kwa anayeugua. Uzao wa watoto wanne ni (z + m) kwa kipeo cha 4. Ukifungua mabano unapata:

z⁴ + 4z³m + 6z²m² + 4zm³ + m⁴

Namba 1, 4, 6, 4, 1 ndizo koefishenti, na kila moja huhesabu njia. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa wa kwanza na wa pili, wa kwanza na wa tatu, wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu, wa pili na wa nne, au wa tatu na wa nne. Njia ni sita. Hiyo sita huandikwa pia kwa kuweka 4 juu na 2 chini ndani ya mabano, bila mstari kati yake, alama aliyoitumia mwanahisabati Andreas von Ettingshausen mwaka 1826. Maana yake: chagua 2 kati ya 4. Namba zenyewe ni za kale zaidi. Al-Karaji wa Baghdad alizijua yapata miaka elfu iliyopita, karne nyingi kabla ya mwanahisabati Pascal.

Sasa weka robo tatu mahali pa z na robo mahali pa m. Kwa wastani, katika familia 100 kama hizo zenye watoto wanne, takriban 32 hazitakuwa na mgonjwa yeyote, 42 zitakuwa na mmoja, 21 wawili, na 5 watatu au wanne.

Zaidi ya nusu ya familia, basi, hazina idadi hiyo ya mgonjwa mmoja. Aliyezaa wagonjwa wawili mfululizo hana laana, na mwenye mmoja hajamaliza zamu yake. Robo ile huanza upya kwa kila mimba, na wenzi wanastahili kuelezwa hivyo waziwazi siku wanapopewa majibu.